Pembetatu ya Mitumbwi ya Rumonge

14 Oktoba 2002, Jumatatu

Mvua ya kwanza ya msimu. Imepiga bati la ofisi kwa fujo hata shefu Modeste akawa anaongea nami kwa kupiga kelele, na mimi nimekaa mbele ya pua yake. Konvwa ya leo, msafara wa magari unaosindikizwa na askari, imefika salama, na ndani yake bahasha yangu kutoka kwa Fabiola! CD moja, disketi mbili, na kipande cha karatasi: «Kaoutar, hii inaitwa R. Ni programu ya takwimu, haiuzwi, inatolewa bure. Wewe ndiye mtu pekee wa Rumonge ninayemjua ambaye hataikimbia.»

Nimecheka peke yangu. Fabiola nilikaa naye benchi moja chuo kikuu Bujumbura, kabla vita havijanirudisha nyumbani. Sasa yeye anafanya hesabu makao makuu ya Mutuelle, chama chetu cha bima. Mimi ni karani wa tawi la hapa. Tunawakatia bima wenye minibasi, wenye malori ya mawese, na wenye mitumbwi ya uvuvi. Hiyo mitumbwi ndiyo kisa. Tarehe 15 Januari halmashauri itakaa Bujumbura kuamua kama bima ya mitumbwi iendelee au ifutwe kabisa. Wanasema wavuvi wetu ni waongo. Fabiola anataka nizitengeneze pembetatu za ajali za mitumbwi, nizichore, nimrudishie kabla ya siku hiyo.

Wallahi, naona kama nimealikwa harusini.

15 Oktoba

Hakuna umeme.

16 Oktoba

Hakuna umeme. Modeste ananiuliza nitajitazama kwenye hiyo CD kama kioo mpaka lini.

17 Oktoba

Umeme umerudi! Nimeiingiza R kwenye kompyuta yetu kuukuu. Haina picha, haina mapambo, ina alama moja tu inayopepesa ikikungoja useme. Nikaandika 2+2. Ikajibu 4.

Modeste akainama juu ya bega langu. «Na hii ndiyo imevuka bariyeri zote za majeshi kuja kutuambia hivyo?»

«Ngoja tu, shefu. Ngoja.»

Ni mtu mwema Modeste, mtu wa milimani aliyeletwa ziwani na kazi. Ila anaogopa simu ya Bujumbura kuliko anavyoogopa risasi.

22 Oktoba, Jumanne

Ofisi hii ina wazimu. Wiki mbili tunaua nzi, halafu leo mlango haufungiki! Wavuvi wamejaa mpaka barabarani, wengine wanasinzia wima, wote wana hasara za kuandikisha. Mkono wangu unaniuma.

Katikati ya foleni, mjomba Waziri. Mjomba wangu, kaka yake mama, ambaye ndiye ametulea na ndiye tunakaa kwake. Hakuruka foleni, amesimama kama watu. Zamu yake ilipofika akaketi, akasema kwa sauti ya chini: mwanzoni mwa mwezi, mbele ya ufuko wa Gatete, watu wenye bunduki waliwasogelea na boti, wakachukua injini na taa zote. Hawakumuumiza mtu. Nyumbani nilikuwa nimesikia juu juu tu, maana mjomba hasimulii.

Nikaandika. Modeste akaja, akasoma dosye, faili la madai, akakuna kichwa. «Muzee Waziri, pole sana. Ila iko barua kutoka Bujumbura. Dosye zote za mitumbwi zimesimama mpaka halmashauri ikae. Wakifuta bima ya mitumbwi, zitafutwa pamoja nayo.»

«Mupaka lini?»

«Januari.»

Mjomba akanitazama mimi, si Modeste. «Bila injini mimi nafika wapi? Pembeni, mahali samaki hazipo. Sikia mutoto wa dada. Nangoja mupaka mwezi wa Januari upevuke. Kama hawalipe, nabeba mama yako, nabeba kila kitu, tunavuka ng'ambo, tunaingia kambi za Kigoma na wengine. Hapa sina tena la kungojea.»

Akaondoka, akaniacha na kalamu mkononi. Kambini! Mama yangu apange foleni ya unga kwa kibakuli! Siendi. Na mama haendi. Nimeitazama ile kompyuta nikaiambia, haya, sisi wawili.

29 Oktoba

Leo, leo, leo! Nimeandika mstari mmoja tu na orodha imegeuka pembetatu!

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitataka kukumbuka. Nilikuwa na orodha ndefu ya dosye zote za mitumbwi tangu katikati ya mwaka jana, kila moja na tarehe mbili: siku ya ajali, na siku mwenye mtumbwi alipokuja kuiandikisha. Orodha ya namna hiyo ukiisoma unapata usingizi. Unaiambia R: mwezi wa ajali uwe mstari wa kwenda kulia, na kila kisanduku kiseme ni dosye ngapi zimekuja mwezi uleule, ngapi baada ya mwezi mmoja, ngapi baada ya miwili. Mwezi wa zamani una historia ndefu, kwa hiyo mstari wake ni mrefu. Mwezi uliopita una kisanduku kimoja viwili tu, mengine bado hayajatokea. Basi umbo linatoka lenyewe, ngazi inayoshuka, pembetatu! Upande wa kulia, chini, pako wazi, na hapo ndipo kesho ilipo. Ukijua waliopita walivyokua, unaweza kukisia hawa wachanga watakuaje.

Nimeshangilia mpaka Modeste akaja mbio. Nikamwonyesha. Akapitisha kidole kwenye ngazi ile.

«Yampayinka,» akashangaa kwa Kirundi. «Kumbe ajali nazo zinakua kama watoto.»

Halafu nikajitia ujuzi. Nikazijumlisha dosye zipande hatua kwa hatua, nikachora, mistari ikaruka mpaka juu ya kioo. Kumbe nilikuwa nimeshazijumlisha dakika chache kabla, sasa nimejumlisha jumla! Modeste alikuwa ameshashika kichwa akihesabu mitumbwi mingi kuliko iliyopo ziwa zima. Nimecheka hadi machozi.

2 Novemba

Mvua. Barabara imekatika huko Magara. Hakuna konvwa.

6 Novemba

Ramadhani imeingia. Milio ya bunduki milimani tangu asubuhi, ikanyamaza adhuhuri. Sokoni watu wamenunua tende kama kawaida.

9 Novemba, Jumamosi

Mchoro umekaa sawa sasa, na ni mbaya. Kila mwezi wa ajali una mstari wake wa rangi, unaopanda jinsi dosye zinavyoingia. Nilitegemea ipande pamoja, maana wavuvi ni walewale na ziwa ni lilelile. Hata! Oktoba ya mwaka jana imelala chini kabisa, ndani ya mwezi wenyewe haina dosye hata moja ya maana, halafu ghafla inaruka juu. Novemba inaanza juu palepale. Julai ya mwaka huu imekaa katikati. Kila mmoja na lake, vurugu tupu.

Na konvwa imeleta barua ya Fabiola. Yeye hana raha. «Halmashauri imeona Novemba ya mwaka jana. Dosye za mitumbwi zilizofika kwenu mwezi ule ni mara mbili ya kawaida. Wanasema wavuvi walipatana. Na kuna baya zaidi: kwa sababu Oktoba ilianza karibu na sifuri halafu ikapanda sana, hesabu yetu inadhani kila mwezi mpya utaongezeka namna hiyo. Inatabiri kwamba mwezi ujao mtapokea zaidi ya dosye thelathini zilizochelewa. Thelathini, Kaoutar! Hakuna atakayekubali kubeba hiyo. Nipe sababu, sababu yoyote.»

Sababu yoyote. Nitaitoa wapi?

13 Novemba, Jumatano

Leo nimefanya jambo la kijinga na moyo unaniwaka.

Asubuhi Modeste aliniambia, kwa upole wake huo unaouma: «Kaoutar, na wewe jiulize. Mutu ameibiwa injini tarehe tatu, tano. Anakuja kwetu tarehe ishirini na mbili. Mimi nikiibiwa baiskeli nakuja siku ileile na viatu mkononi. Kwa nini wao wanangoja? Kwa nini wanakuja wote pamoja?»

Nikamjibu kwa ukali, nikamwambia yeye na Bujumbura yake hawawajui watu wa ziwa. Lakini lile neno likaniingia. Kwa nini kweli? Siku nzima lilinizunguka. Nikaanza kumfikiria mjomba, injini ile ilivyokuwa inakohoa mwezi wa tisa, jinsi alivyokuwa akisema ataiuza. Shetani hakufungwa mwaka huu, aliachwa kwa ajili yangu.

Jioni tumefuturu. Uji, maharage, ndagala za jirani, dagaa wa hapa ziwani. Nikasema, kama vile nauliza chumvi: «Mjomba, ile injini, kweli ilichukuliwa?»

Mama aliacha kumimina chai.

Mjomba hakupiga kelele, laiti angepiga. Aliweka kikombe chini. «Weye pia,» akasema. «Nilikusomesha Bujumbura, ukarudi na akili ya Bujumbura.» Akainuka, akaenda kuswali, na sahani yake ikabaki vilevile.

Mama akaniambia nyani haoni kundule. Nikakusanya vyombo. Nimelia mpaka macho yamevimba.

17 Novemba

Mjomba hasemi nami. Akitaka kitu kwangu anamwambia mama, na mimi nimekaa palepale.

20 Novemba, Jumatano

Ofisi imejaa tena! Nzi wote wamepata mapumziko. Nikiwa na hasira zangu nikamwuliza Hadji, mvuvi mmoja mwenye maneno mengi, aliyekuwa wa kwanza: «Haya niambie, mnatumiana barua? Mbona mnakuja wote siku moja kama mmeitwa na ngoma?»

Akanitazama kama amesikia mtoto akiuliza maji ni nini. «Binti, wewe si wa hapa Rumonge? Mwezi si umepevuka? Mwanga umejaa ziwani, taa zetu hazivuti ndagala hata moja. Tuko bure. Siku za giza nani anakuja hapa? Unavua usiku, asubuhi unauza, mchana unalala. Hata ukiibiwa injini unashika kasia unaendelea, maana giza halimngoji mtu. Mambo ya biro kama hii yenu ni ya mbalamwezi. Harusi pia. Kesi pia. Kunyoa pia, kama huyu hapa.» Foleni nzima ikaangua kicheko.

Mimi sikucheka. Kalamu ilinianguka. Nimezaliwa hapa! Nimekula samaki za giza tangu nitoke maziwa, kila mbalamwezi nimemwona mjomba akishona nyavu barazani, na bado nilikaa mbele ya kompyuta nikihesabu kwa miezi ya benki!

Mchana nikakimbia nyumbani. «Mama, kalenda ya mwaka jana ya msikiti iko wapi?» Ile ina tarehe zote mbili, za Kizungu na za Kiislamu. Mama akafikiri, akacheka: ameitandika kwenye rafu ya vikombe. Tukashusha vikombe vyote. Nikasoma kwa kidole, kati ya madoa ya chai. Mwaka jana katikati ya Shaabani iliangukia tarehe mosi Novemba. Na katikati ya Ramadhani, tarehe thelathini Novemba.

Novemba moja, na mwezi umepevuka mara mbili ndani yake!

Nikamwambia mama huku nimemshika mabega. Walioibiwa Oktoba wasingeweza kuja Oktoba, maana Oktoba mwezi ulipevuka tarehe mbili, kabla mabaya hayajawapata. Wakaja tarehe mosi. Walioibiwa Novemba wakaja tarehe thelathini. Wote wamemwagika ndani ya kisanduku kimoja cha kalenda, na Bujumbura wakaona njama!

«Sasa wavuvi waongo ama si waongo?» akauliza mama.

«Si waongo.»

«Basi vikombe virudishe mahali pake.»

21 Novemba

Hakuna umeme.

22, 23, 24

Hakuna, hakuna, hakuna. Nitakula waya.

27 Novemba, Jumatano

Umeme ulikuja saa nne asubuhi. Nilikuwa tayari, tarehe zote nimeshazibadilisha kwa mkono. Nimeacha miezi ya benki. Nahesabu kama wavuvi: kutoka mwezi mpevu mmoja mpaka mwingine ni giza moja. Kila ajali nimeipa giza lake, na kila dosye nimeihesabia imekuja baada ya magiza mangapi. Nikaandika mstari uleule wa kugeuza orodha. Pembetatu mpya. Nikaijumlisha, mara moja safari hii. Nikasema bismillahi, nikachora.

Mistari yote ikapanda pamoja. Yote! Imebanana kama miwa kwenye mzigo. Inapanda sana mwezi unapopevuka mara ya kwanza, inaongeza kidogo mara ya pili, wale waliokuwa safarini au wagonjwa, halafu imetulia, imenyooka. Hakuna Oktoba iliyolala wala Novemba iliyoruka.

Nikapiga kelele. Kelele ya kweli, ya kutoka tumboni. Mlinzi nje akajitupa mtaroni, wateja wawili wakalala sakafuni, na nilipogeuka, shefu Modeste alikuwa chini ya meza amekumbatia mashine ya kupigia mihuri.

«Wamefika?» akanong'ona.

«Imenyooka, shefu! Mistari imenyooka!»

Alitoka chini ya meza polepole akijipangusa magoti. Alinisema sana, na nilistahili. Kisha akavuta kiti, akautazama mchoro muda mrefu.

6 Desemba, Ijumaa

Idi. Nimempelekea mjomba pilau mwenyewe kwa mikono yangu. Alipokea sahani, akauambia mlango asante, si mimi.

10 Desemba

Modeste bado ana wasiwasi. «Mimi naamini. Lakini mabwana wa halmashauri watasema umepinda kalenda mupaka mistari ikakubali. Tunataka kitu ambacho hawawezi kubishia.»

Basi tukapatana. Kabla mwezi haujapevuka tarehe 19, tuandike utabiri, tuupige muhuri na tarehe, nakala moja tumpe padri wa parokia na nyingine imamu, wazitunze. Bujumbura wametabiri dosye zilizochelewa zaidi ya thelathini. Mimi, kwa pembetatu yangu, nimesema kutoka giza lililopita watakuja wachelewaji wanne. Modeste aligonga muhuri, mimi nikaandika tarehe.

19 Desemba, Alhamisi

Foleni kubwa. Wengi ni wa giza hili hili, hao tuliwatarajia. Wachelewaji: wawili.

20 Desemba

Mchelewaji mmoja, asubuhi. Jumla watatu. Mimi na Modeste tuko dirishani tunamsubiri mtu wa nne aliyepata hasara kama ndugu wanaosubiri bwana harusi. Mungu anisamehe.

21 Desemba

Wa nne amefika! Ametembea kutoka upande wa Nyanza-Lac, nyavu zake zilikatwa. Nilimpa kiti, chai, na andazi langu. Hakuelewa kwa nini tunafurahi hivyo kumwona.

23 Desemba

Na wa tano. «Umekosea,» akasema Modeste.

«Kwa mmoja! Wao walisema thelathini!»

Akacheka, kicheko ambacho sijawahi kumsikia nacho tangu tuanze kazi pamoja. Kisha akakaa, akaandika kwa mkono wake barua kwa halmashauri, kurasa tatu, na kwenye sahihi akaweka jina lake kamili. Huyu ndiye mtu aliyekuwa akisimama wima akipokea simu yao.

Disketi na barua zimeondoka na Mulamba, dereva wa konvwa.

28 Desemba, Jumamosi

Konvwa imepigwa kabla ya Kabezi. Magari mawili yameungua. Mulamba yuko hospitali, mguu, lakini ataishi, alhamdulillahi. Gari lake limekuwa majivu na kila kilichokuwemo.

Modeste akauliza: «Nakala iko?»

Nakala iko ndani ya kompyuta. Nikamwambia safari hii naibeba mwenyewe.

3 Januari 2003

Mama amekataa. Mjomba hajasema lolote, lakini ameanza kuziba nyufa za mtumbwi na kukusanya madumu ya maji. Ni ya safari, si ya uvuvi.

9 Januari

Mama bado anakataa, lakini ameifua nguo yangu nzuri.

13 Januari, Jumatatu

Nimefika Bujumbura. Nyuma ya Kabezi tulishushwa, tukatembea nyuma ya askari, tukapanda tena. Disketi nilizifunga kifuani kwa kitambaa, pamoja na nakala ya utabiri iliyokuwa kwa padri. Fabiola amenikumbatia akasema nimekonda. Tukafungua mchoro kwenye kompyuta yake, naye akapiga kelele vilevile, ila yeye hakuna aliyejificha.

15 Januari, Jumatano

Chumba chenye zulia. Wanaume sita, mama mmoja, na chupa za maji. Fabiola alianza na pembetatu ya kalenda, ile ya vurugu, halafu akaweka ya kwangu kando yake. Mwenyekiti, mzee wa miwani, akauliza: «Na ni nani aliyekupa ruhusa ya kubadilisha kalenda?»

Nilitaka kujibu kwa adabu. Nilikuwa nimeyapanga maneno mazuri ya Kifaransa njia nzima. Yakapotea yote.

«Sikubadilisha mimi, mzee. Mwezi ulikuwa hivyo kabla ya bima. Ninyi mlihesabu siku ambazo nyie mnafungua ofisi. Wao wanahesabu siku ambazo samaki wanapatikana. Mvuvi akiibiwa gizani, anamaliza giza lake ndipo anakuja, kwa sababu nyumbani wanakula. Akija siku ileile, ndipo mngepaswa kumshuku.»

Modeste, kumbe, alikuwa amempigia mwenyekiti simu asubuhi, yeye mwenyewe, bila kuambiwa, akashuhudia hesabu yetu ya Desemba. Wakaufungua utabiri wenye muhuri. Wanne, wakaja watano. Yule mama akamgeukia mwenyekiti: «Sisi tulisema thelathini.»

Walitutoa nje. Mimi na Fabiola tulisimama kwenye korido tumeshikana mikono kama tunangoja matokeo ya mtihani. Tulipoitwa, mwenyekiti alisoma: bima ya mitumbwi inaendelea. Hesabu ya tawi la Rumonge itafanywa kwa magiza. Dosye zilizosimamishwa zifunguliwe, na haikuonekana dalili ya udanganyifu kwa wavuvi. Sahihi saba.

Niliruka. Juu ya zulia lao, na viatu.

16 Januari

Hakuna konvwa. Simu ya Rumonge imekatika. Mjomba alisema atangoja mpaka mwezi upevuke. Unapevuka kesho usiku.

17 Januari, Ijumaa

Konvwa ilitoka, nikafika baada ya alasiri. Nilikwenda nyumbani, mlango wazi, ndani hamna kitu. Godoro la mama halipo. Vikombe havipo.

Nilikimbia mpaka ufukweni, nguo ya Bujumbura nimeikunja magotini. Mtumbwi ulikuwa majini, umesheheni. Mama ameketi juu ya magunia, ushungi umemfunika uso. Mjomba amesimama kwenye maji hadi kiunoni, ameshika ukingo, vijana wake kwenye makasia.

«Panda,» akaniambia. Ndilo neno la kwanza tangu Novemba.

«Mjomba, wamekubali! Injini italipwa, iko karatasi hapa!»

«Karatasi.» Akatikisa kichwa. «La kuvunda halina ubani, Kaoutar. Panda, jua linazama.»

Nikaingia majini na viatu. Nikamweka karatasi mbele ya macho, hakuitazama. Alinitazama mimi. Akauliza taratibu: «Weye ulisema nini huko juu yetu?»

«Nilisema hamkusema uongo. Wewe hukusema uongo. Mimi ndiye niliyekushuku, mjomba, na nilikosa.»

«Na wao?»

«Wamesema vilevile. Wameandika.»

«Wote?»

«Wote saba. Sahihi hizi hapa.»

Alichukua karatasi, akaishika juu isilowe, akaipitia sahihi moja moja kwa macho. Alipofika ya saba akarudia kutoka ya kwanza. Nyuma yake nikasikia maji yakichapwa. Mama ameshashuka, godoro kichwani, anakuja nchi kavu bila kumwuliza mtu.

Mjomba akamtazama dada yake akipita. Akaikunja karatasi, akaitia ndani ya kofia, akavaa kofia. Kisha akawageukia vijana, sauti ikamtoka ya siku zote, ile ya kufukuza kunguru.

«Vuteni!»

Tukauvuta mtumbwi mpaka mchangani, sote, na mimi nikiwa wa mbele kwenye kamba.